Raundi Niliyoila River Road

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa pampu, nikaambiwa nisiongee. Pampu niliiweza. Hiyo ingine ilinishinda kabla ya chai ya saa nne.

Nyinyi hapa Kariobangi mnanijua kama mzee wa kunyoosha spoku, hizo nyaya za gurudumu, lakini nilianzia chini kabisa, kujaza upepo kwa mbio za baiskeli za tauni, pale katikati ya Nairobi. Baiskeli hazikuwa hizi zenu nyepesi kama mwavuli. Zilikuwa blakmamba, zile nyeusi za kubeba mkate na maziwa. Moja ikikuangukia, mguu unatoka chapati. Na waliokimbia walikuwa watu wa kazi, vibarua na wapeleka maziwa. Jumapili moja kwa mwaka magari yanafungiwa, wao wanapanda River Road, wanakata Accra Road, wanazunguka wanarudi. Raundi ishirini.

Bosi wangu wa kwanza alikuwa Fundi Mkuu. Huyo alinifundisha kunyoosha rimu. Unapindua baiskeli, unazungusha gurudumu, unashikilia chaki karibu. Pahali chaki inagusa ndio pamepinda. Basi unakaza spoku ya upande huu, unalegeza ya upande ule, robo ya mzunguko tu.

"Robo," alikuwa ananiambia. "Wewe unakaza kama unafunga mlango wa jela."

Nilijua hiyo kazi mpaka nikawa nanyoosha nimefunga macho, na siku moja nilinyoosha nikiwa nimelala usingizi kabisa. Mashahidi wote wamekufa.

Baada ya miaka nikapandishwa cheo, nikawekwa chini ya Katibu wa Mbio, mzee wa reli, mtu wa shati nyeupe na maneno machache. Akanipa kengele ya mkono. Ile kazi ilikuwa hivi: unaweka vifuniko vya soda ishirini kwa mfuko wa kushoto. Kila wa mbele akipita mstari, kimoja kinahamia kulia. Kikibaki kimoja, unapiga kengele, watu wajue ni raundi ya mwisho. Katibu alikuwa anaandika zake kwa kitabu, lakini mtu akiwa juu ya baiskeli haoni kitabu. Anasikia kengele.

Sasa mwaka mmoja nikasahau vifuniko nyumbani. Pale kando kulikuwa na mama wa njugu. Nikahesabu njugu ishirini, nikatia mfukoni, nikajiona profesa.

Mwaka huo kulikuwa na Wafula, kibarua wa mtaa wa Mukuru kwa Reuben, anatembea kila asubuhi kwenda kusimama kwa geti za kampuni kungoja kuchaguliwa. Zawadi ilikuwa baiskeli mpya. Na duka moja la mikate lilikuwa limemwambia, njoo na baiskeli yako, kazi iko. Hiyo aliyokuwa anakimbia nayo ilikuwa ya jirani. Mimi mwenyewe ndiye nilimnyooshea rimu asubuhi hiyo, na ndio alinieleza haya yote.

Mbio zikakolea. Wafula alikuwa wa tatu, ametulia, anangoja kengele ndio afungue miguu. Mimi nikashikwa na raha. Mkono ukaingia mfukoni, ukatoka, na mimi nikitazama mbio.

Nikaona imebaki njugu moja. Nikapiga kengele. Wafula akatoka kama amechomwa sindano, akawapita wote, akavuka mstari akiwa wa kwanza, akaangusha baiskeli, akapiga magoti. Wawili aliokuwa amewapita wakapita hapo wakiendelea kukanyaga. Hao walikuwa na watu wao kando ya barabara wa kuwahesabia, waliwapigia kelele: bado moja. Wafula hakuwa na mtu. Alikuwa na kengele tu.

Katibu akaja na kitabu. "Hapa ni kumi na tisa. Ulipiga mapema?"

Nikahesabu njugu. Kumi na tisa. Ya ishirini, ulimi wangu ulikuwa bado unaitafuta kwa meno.

Mtu akasema labda Wafula alisikia kengele ya yule jamaa wa aiskrimu aliyekuwa anapita na kigari chake. Katibu akaniangalia. "Ilikuwa ya aiskrimu?"

"Ilikuwa ya aiskrimu," nikasema.

Walioniona nikipiga walinyamaza, maana aliyeshinda alikuwa wetu wa Kariobangi. Wafula hakubishana. Aliokota baiskeli ya jirani akaenda akiisukuma, hakuipanda.

Wiki ikapita. Nikaenda Mukuru, nikaulizia mpaka nikafika kwake. Nikamwambia, ndugu yangu, nilikula moja.

Akauliza, "Ilikuwa tamu?"

Nikamwambia nitamjengea baiskeli, spea kwa spea.

"Jenga," akasema. "Lakini ile ya aiskrimu uliisema mbele ya watu. Hii ya ukweli unaniletea ndani ya nyumba, mlango umefungwa."

Nikaijenga miezi mitatu, fremu huku, rimu kule, kila spoku robo robo. Akaichukua, akapata kazi ya mikate. Na mwaka uliofuata, watu wamejipanga kwa mstari, nikasimama mbele yao nikasema yote, mpaka njugu. Watu wakacheka mpaka wengine wakashikilia nguzo. Katibu hakucheka. Alinyoosha mkono nikampa kengele.

"Rudi kwa pampu," akasema. "Na usiongee."

Wafula siku hiyo alikuwa wa nne. Ningependa kuwaambia alishinda, na mnajua mimi naweza. Lakini hiyo siongezi chumvi.

Sikupewa kengele tena mpaka nikastaafu. Siku hizi vijana wanafunga kidude mguuni kinawahesabia chenyewe. Ni kizuri, hakina mdomo. Mikono yangu inatetemeka sasa, ile robo ya spoku siipati, nafundisha kwa maneno tu. Na katika maneno yangu yote mengi, yale ya aiskrimu yalikuwa mafupi kabisa, na ndiyo yamenichukua muda mrefu kuyarudisha.

Wafula bado hunitembelea kibandani, mvi kichwa kizima. Huja na njugu. Anazimwaga kwa benchi, ananihesabia polepole kama Katibu, moja, mbili, mpaka kumi na tisa, ananisukumia. Ya ishirini anaitia mdomoni mwake, anatafuna akiniangalia.

Mimi nangoja amalize ndio nianze.