Siku Thelathini za Programu

Niliunganisha seva na programu ya ankara kwa sababu nilikuwa nimechoka kuonekana mtu mbaya. Nina ofisi ndogo Tukuyu mjini, kwenye chumba cha mbele ambamo marehemu baba aliuza vitambaa, na kabla yake babu, aliyetoka pwani na cherehani moja. Mimi ninauza kitu ambacho mama yangu mpaka leo hawezi kuwaeleza majirani: nafasi ya tovuti. Mtu analipa kwa mwaka, tovuti yake inakaa kwenye seva niliyokodi nje ya nchi. Wateja wangu ni shule, zahanati, wauza parachichi na vikundi vya chai. Kudai ndiko kulikonishinda. Huku tunajuana mno. Unamdai mtu asubuhi, jioni mnakutana msibani mmekalia mkeka mmoja.

Programu ile ingedai kwa niaba yangu. Ingetuma ankara, ingekumbusha, na asiyelipa ingemsimamishia tovuti bila mimi kufungua mdomo. Rafiki yangu, fundi wa Mbeya, alinielekeza kwa simu. Unaandika anwani ya seva, kisha unabandika ufunguo, yaani mstari mrefu wa herufi unaoiruhusu programu kuingia kwenye seva na kufanya kazi yenyewe. Alinisihi nitengeneze ufunguo wenye mipaka, wa kufungua akaunti na kuzisimamisha tu, usioweza kufuta. Nikajaribu mara tatu, ikagoma. Mvua ilikuwa inapiga bati, simsikii vizuri, na mimi nikikasirika huwa sisikii hata penye kimya. Nikatengeneza ufunguo wenye mamlaka yote. Ikakubali papo hapo.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi ikaniletea taarifa ya kwanza: kazi zilizofanyika, makosa hakuna. Ikawa hivyo kila siku, saa ileile, umeme uwepo usiwepo, maana seva ilikuwa mbali na matatizo yetu. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilikuwa nikifungua taarifa zile kwa mashaka, kama nimeajiri mtu asiyesalimia nikamkabidhi funguo zote za duka.

Miongoni mwa wateja alikuwepo mzee mmoja wa kijiji cha Kinyala, mkulima wa chai na ndizi. Kwa miaka kadhaa alizunguka na simu yake akiwarekodi wakongwe kwa Kinyakyusa: majina ya ndizi zisizopandwa tena, nyimbo za kuvuna ulezi, nani alihamia bonde gani. Sauti yake ilisikika kila mahali akiuliza, akibisha, akicheka hadi anakohoa. Simu ilipojaa alikuja ofisini kuniuliza afanyeje. Nikamwambia apandishe yote kwenye tovuti kisha afute kwenye simu. Nilimwambia, nakumbuka, kwamba huku kwangu hakipotei kitu.

Akafariki ghafla, wiki chache baada ya mimi kuunganisha programu. Nilikwenda kuzika. Tovuti yake ilikuwa inaisha muda siku moja baada ya maziko, na wazo lililonijia nikiwa bado na matope miguuni ni kwamba programu ingemtumia mjane ankara. Huku mfiwa hadaiwi. Unamwacha mpaka arobaini ipite, ndipo unakwenda taratibu, na mara nyingi anakutangulia yeye mwenyewe. Nikarudi mjini mbiombio, nikafungua ukurasa wa mzee, nikaweka alama kwenye kisanduku cha kuzuia barua na meseji zote kwa mteja huyo. Nikajiona muungwana kwelikweli. Kisanduku cha kuzuia kusimamishwa kilikuwa chini zaidi kwenye ukurasa uleule, sikushuka kukiona.

Siku chache baadaye taarifa ya asubuhi ikasema akaunti moja imesimamishwa. Nikacheka peke yangu. Nilijua ni yule mwenye nyumba ya wageni, msumbufu wa kulipa kuliko wote, na nikasema moyoni kwamba leo amepatikana. Sikufungua kuangalia jina. Wiki zikapita, ukungu ukishuka na kuondoka, nami nikingojea aje anipigie kelele. Hakuja. Asubuhi moja taarifa ikasema akaunti moja imefutwa, makosa hakuna. Nikanywa chai yangu.

Mwenye nyumba ya wageni alikuja wiki iliyofuata, anang'aa, anataka kunionyesha kwenye simu picha za vyumba alivyopaka rangi. Tovuti yake ilifunguka vizuri kabisa. Alikuwa amelipa kwa simu kimyakimya, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Aliendelea kuongea, mimi sikusikia tena. Nilijua jina kabla sijafungua ukurasa.

Ilikuwa imeandikwa palepale, kwenye mpangilio niliouacha kama ulivyokuja: simamisha baada ya siku tano, futa baada ya thelathini. Sisi tunangoja arobaini. Nakala rudufu nilikuwa nimezihifadhi kwenye akaunti ileile kwa uvivu, na kwa ufunguo niliotoa, programu ilifuta akaunti pamoja nazo. Niliwaandikia wenye seva. Wakajibu kwa adabu kwamba hawana kitu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na kwa siku mbili sikwenda Kinyala. Nilijiambia natafuta njia nyingine. Uongo, nilikuwa najificha.

Akaja mjane mwenyewe. Ilikuwa Alhamisi mchana, mvua nyembamba, na ibada ya arobaini ilikuwa Jumamosi. Alikuwa amebeba mkungu wa ndizi kwa ajili yangu na kadi ya kumbukumbu aliyoinunua sokoni, mpya, bado kwenye karatasi yake. Alitaka nimwekee humo sauti zote za mume wake, wamsikie watu kanisani. Akaketi kwenye kiti cha baba, akaifungua kadi kwa meno, akaniwekea mezani.

"Ndaga fijo, mwanangu," akanishukuru kabla sijafanya lolote.

Nikamwambia. Sikuweza kuieleza programu. Nilisema tu kwamba muda wa tovuti uliisha, haikulipiwa, ikafutwa, na nilikuwa nimezuia barua zote zisimfikie. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama hata ile ya kucheka haipo. Nikasema haipo. Akauliza ilikuwa shilingi ngapi. Nilipomtajia aliutazama ule mkungu aliouweka mlangoni kwa muda mrefu, na mimi nikatazama pia, maana mikungu michache kama ule ingetosha.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa msibani, mama. Niliona vibaya kukudai."

Akaichukua kadi yake, akaifunga kwenye pindo la kitenge, akasimama.

"Ungenidai," akasema. "Ungenidai tu, mwanangu."