Fundi wa Pa na Pu

"Huyo fundi wenu anafundisha Kurani au anatengeneza pikipiki?" aliniuliza jirani yangu Koulsoum, maana kwetu Mahajanga wote wawili huitwa fundi. Sikumlaumu. Fundi wetu ni wa pikipiki, ila injini yenyewe hataki kuisikiliza. Asema ikifika kwake hujifanya nzima, kama mgonjwa mbele ya daktari. Humsimamisha mwenye pikipiki barabarani aige mlio kwa mdomo, naye hufumba macho, kidole cha grisi juu, akisahihisha kwa upole: "Tena, baba. Ni pa au pu?" Pu ni kabureta ina kiu, pa ni platini inachelewesha moto. Siku hiyo ilikuwa zamu ya mume wangu, aliyekatazwa kufuata mazishi tangu pikipiki yake ilipolipuka kama bunduki nyuma ya jeneza, wabebaji wakalitua njiani wakakimbia. Alijitahidi, maskini, lakini meno ya mbele hana, kila mara ikatoka "fu". Watu walishajaa, na imamu yumo. Fundi akaitafakari ile fu, asiijue. Kisha akafuta mikono, akanigeukia kwa adabu, akaniita bweni kama mama wa heshima: "Bweni, wewe meno unayo. Naomba unilipukie mara moja."