Maharage ya Mwaka Jana

Jumamosi nilihudhuria kikao cha wazazi katika shule binafsi moja huku Gendabi. Mwalimu mkuu alieleza kwamba ada yote inaishia kwenye mishahara. Bila mchango wa mavuno wa kila mwaka, watoto watakosa chakula cha mchana.

Baba mmoja akasimama, mikono mfukoni. "Mimi nilitoa gunia la maharage mwaka jana. Nitoe tena?"

Bibi aliyeketi nyuma yake akajitengeneza shuka taratibu. "Mwanangu, ng'ombe wako si ulimlisha mwaka jana? Mbona leo nimekuona unamkatia majani?"

Watu wakacheka. Baba akatoa mikono mfukoni, akasema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Maharage yaje Jumatatu."

Wakarimu wa mwaka jana tunao wengi, lakini tumbo la mtoto halina kumbukumbu.