Sahani za Bi Saliha

Mimi ndiye niliyekuwa nikimwaga chakula cha Bi Saliha. Nimelikataa neno hili kwa zaidi ya miaka arobaini. Nilimkatalia mama yangu, nimemkatalia mume wangu, na zamani nilimkatalia Bi Saliha mwenyewe, uso kwa uso, mikono yangu ingali inanuka sabuni niliyooshea sahani yake. Leo naandika nikiwa na hasira, na wa rika langu wanivumilie, kwa kuwa sehemu kubwa ya hasira hiyo inanielekea mimi mwenyewe na sijui nyingine niipeleke wapi.

Mliokulia mtaa wa Ruwi, huku Uarabuni, wakati wetu hamjaisahau saa ile ya Ramadhani, baada ya alasiri, jua limeanza kuuachia ukuta na matumbo yanalia. Tuliacha mchezo wa nage katikati, mpira wa soksi ukabaki vumbini, kwa sababu kila jiko lilikuwa linaita jina la mtoto wake. Uchochoro mzima ulijaa watoto waliobeba sahani zilizofunikwa kawa, wakitembea kama maharusi wasimwage mchuzi. Bokoboko lilikwenda kushoto, tambi za sukari zikaja kulia, sambusa zikapishana na sambusa. Na sahani ya jirani hairudishwi tupu. Hilo tulilijua kabla ya kujua kuhesabu. Watoto wa siku hizi wanaletewa chakula na mtu wa pikipiki asiyejulikana jina, ndani ya plastiki isiyorudi kwa yeyote, kisha wanatufundisha sisi maana ya jamii.

Nyumba iliyotuelekea ilikuwa ya Bi Saliha. Mumewe alizaliwa Unguja kama baba zetu. Alikwenda Bangkok kumuuguza babake, akarudi na babake mzima na mke juu ya hayo. Bi Saliha alitoka kusini mwa Thailand, Mwislamu mtoto wa mwadhini, anaisoma Kurani vizuri kuliko sisi sote. Kiswahili alijifunza uchochoroni kwetu, maana hiyo ndiyo lugha aliyoikuta. Neno la kwanza lililomkaa lilikuwa shikamoo, na alimwamkia kila mtu, hata sisi watoto, hata muuza gesi. Tulicheka mpaka tukalala chini, na yeye akacheka na sisi bila kujua anachochekea.

Alipika kama mtu anayetafuta kukubaliwa. Alileta wali wa manjano uliopikwa chungu kimoja na kuku, binamu wa biriani, na pembeni yake chatne ya kijani ya nanaa iliyoamsha ulimi. Alileta mchuzi wa massaman, mzito kwa tui, wenye mbatata na njugu na harufu ya mdalasini na iliki. Alileta tom yam, supu ya kamba yenye ndimu na mchaichai. Papai bichi alilitwanga kwenye kinu na pilipili, akaliita som tam. Na alileta vile vijikate vya unga wa mchele na tui, vilivyochomwa katika chuma chenye mashimo sawasawa na chuma chetu cha vitumbua, chini vimekauka, juu bado vinatetemeka. Ukiniuliza vyakula gani vya asili vya Thailand mtu avionje kabla hajafa, nitakutajia hivyo, kwa mpangilio huo huo.

Lakini kwetu jiko lilikuwa la Shangazi Zuwena, dada wa baba, kwa kuwa mama alikuwa muuguzi na zamu zilimweka hospitali. Sahani ya kwanza ilipofika, shangazi aliinua kawa, akarudisha kichwa nyuma.

"Kinanuka nini hiki? Samaki alokufa mara mbili?"

Ilikuwa sosi yao ya samaki, ambayo leo anainunua chupa kubwa kubwa. Akachokoa kwa kijiko.

"Mchaichai wa chai kautia kwenye kamba. Mtu na akili yake. Na mkono wake hatuujui." Akanigeukia. "Kamwage. Uoshe sahani, uirudishe na sambusa sita, useme Mungu ambariki."

Nikamwaga kwenye pipa la mwisho wa uchochoro, nikaosha, nikarudisha. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Ramadhani ile nzima, na iliyofuata, na iliyofuata tena. Sisi tukimwaga chake, yeye akila chetu na kutuombea dua. Siku moja, baada ya magharibi, nilionja kijikate kimoja njiani. Nikala cha pili. Nikala cha tatu, nikalamba kidole. Halafu nikavimwaga vilivyobaki, kwa kuwa ndivyo nilivyotumwa. Hapo ndipo hasira inaponipanda. Mtu asiyejua ladha ana udhuru wake, mimi nilijua.

Na siku hiyo hiyo Bi Saliha aliipokea sahani yake mlangoni, akaitazama jinsi ilivyong'ara, akaniuliza, "Walipenda, mwanangu?"

"Tumemaliza vyote," nikasema.

Kesho yake akaleta maradufu.

Miaka ikaenda. Bi Saliha na mumewe wakahamia Qurayyat, kwenye mitende ya wazee wa mumewe. Mimi nikaenda chuo kikuu, na nisamehewe kwa kicheko kitakachowatoka: tasnifu yangu niliiandika juu ya ujirani. Sura ya tatu nzima inasifu sahani zinazopelekwa na kurudi. Mwalimu wangu aliiita sura yenye uhai. Pipa halimo. Tangu hapo kila nilipoulizwa habari za utoto wangu nilijibu kwa wepesi wa mtu msomi, "Aa, sisi tulikula chakula cha Kithai kabla dunia haijakijua. Jirani akileta, sahani hairudi na punje." Watu walipenda kunisikia. Nami nilipenda kujisikia.

Kisha mwezi uliopita Ahlam, mjukuu wa Shangazi Zuwena, akanitumia kitabu. Ni kijitabu cha mapishi ya ukoo, cha kugawiwa siku ya Idi kwa jamaa wa hapa, wa Dubai na wa Unguja, na mimi nilitakiwa nisahihishe lugha. Ahlam ni msichana mzuri, ila hali kitu mpaka akipige picha, na aliwahi kunikalisha mkahawani akanieleza tom yam kwa nusu saa, "Khalati, lazima uionje," akiniita mama mdogo kwa Kiarabu, kama kwamba mimi nimezaliwa jana. Nikafungua ukurasa wa vyakula vya Kithai. Juu: Wali wa Kuku wa Shangazi Zuwena. Chini: "Tulivizoea vyakula hivi tangu utotoni kwa jirani mmoja wa Kithai. Sahani yake haikurudi na punje." Jirani mmoja. Jina hana. Na maneno ya mwisho ni yangu, karibu neno kwa neno.

Nikapanda gari hapo hapo, nikatoka kwangu Ansab nikavuka mlima mpaka Al Amerat, nikiwatukana madereva wasio na kosa. Nilimkuta shangazi sebuleni, miguu juu ya mto, Ahlam pembeni yake na kompyuta. Kwenda kwake Bangkok kutibiwa goti ndiko kulikomfundisha shangazi kukipenda chakula kile. Tangu hapo amekuwa mwalimu wetu.

"Ukurasa huu uandikwe jina la Bi Saliha," nikasema, "na uongo utoke. Au mimi na sahihisho langu tutoke."

"Uongo gani?"

"Tulikuwa tunamwaga, shangazi."

Ahlam akaacha kuandika. "Mlikuwa mnamwaga nini?"

"Wewe ndo ulokuwa ukisema tunakula," shangazi akaniambia taratibu. "Mie sijalisema hilo. Nimelisikia kwako wewe, kwenye kila harusi. Nikasema basi, msomi kashasema."

Niliyekuja kumhukumu alikuwa amenishika mimi, tena kwa haki.

"Nna miaka themanini na moja," akaendelea. "Unataka niende Qurayyat nikapige magoti, na goti lenyewe la chuma?"

"Nataka ajulikane."

"Na asipotaka kujulikana na sisi?"

Ahlam, ambaye sikumwomba, alikuwa ameshamwandikia binti wa Bi Saliha kwenye kompyuta, akapata nambari. Akabonyeza, akaiweka simu juu ya meza, sauti wazi. Nikajiandaa kusema. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima.

"Aloo," ikasema sauti nyembamba, ya kizee.

"Bi Saliha," nikaanza, "ni mimi, wa Ruwi, nilokuwa nikikuletea sahani. Nataka kukwambia kwamba mimi—"

Shangazi akanipiga kofi mkononi, kama nimegusa sinia kabla ya wakubwa.

"Saliha, mie Zuwena. Chakula chako tulikuwa tukikimwaga. Mtoto alitumwa. Mie ndiye niliyemtuma."

Kimya. Nilisikia kuku wanalia huko Qurayyat, na mtu anasukuma kiti. Miaka arobaini na kitu nimekana kwa kuogopa kimya hicho, na sasa nimo ndani yake na si mimi niliyekileta.

"Ramadhani zote?" akauliza Bi Saliha.

"Zote."

"Mie sambusa zenu nilikula."

"Najua."

"Zilikuwa na chumvi nyingi."

Shangazi akainamisha kichwa. "Nisamehe."

"Hilo nitalitazama," akasema Bi Saliha. "Umenipigia kwa hilo tu?"

"Mjukuu wangu anaandika kitabu. Wali wako wa kuku umo ndani, kwa jina langu. Na haujawahi kunitoka sawa."

"Hautakutoka. Nani ana kalamu hapo?"

"Mimi," akasema Ahlam.

"Andika jina langu kwanza. Halafu ndo ntakwambia kuku analazwa kwenye nini."