Kikombe Kimoja Mlangoni pa Kanisa

Daktari wa Voi aliniambia nipumzike. Nikamcheka. Mimi, niliyeacha shule darasa la tano na leo nina malori matatu ya kubeba maji, nipumzike halafu kazi afanye nani? Lakini Jumapili iliyofuata, rafiki yangu, nilijikuta juu ya bodaboda napanda kilima cha Sagalla, hadi kanisa letu la zamani. Presha ilikataa kushuka, na nilikuwa nimechoka ule uchovu ambao usingizi hauugusi.

Pale mlangoni zamani palikuwa na pipa la chuma. Miaka ya ukame, akina mama wakitoka kisimani huko bondeni walipitia kanisani kwa maombi ya Jumatano. Walitua mitungi yao, na kabla ya kuketi kila mmoja alimimina kikombe kimoja ndani ya pipa. Kikombe tu. Yalikuwa maji ya ile nyumba ambayo wiki hiyo haingeweza kwenda kisimani: ya mgonjwa, ya aliyejifungua, ya aliyefiwa. Bado nasikia yakigonga chuma.

Mwaka mmoja nyumba hiyo ikawa yetu. Mama alimzika mdogo wangu, kisha akalala akiangalia ukuta. Hata kimanga alichopika nyanya yangu, yaani muhogo na maharagwe yaliyopondwa yakalainika, hakukigusa. Nilimsikia nyanya akimwambia jirani, "Huyu anatutoka hivihivi tukimwona."

Jumatano jirani akaja na maji ya pipa. Mimi, kichwa changu kikubwa tangu utoto, nikasimama mlangoni.

"Rudisha. Hapa kuna mwanamume."

"Yuko wapi?" akauliza, akiangalia juu ya kichwa changu. "Ama ni wewe? Basi mwanamume, funga zipu kwanza."

Kwa hasira nikanyakua mtungi wa lita ishirini, nikashuka kisimani. Kupanda nilianguka, nikaanguka tena, nikafika nyumbani na maji ya kunawa uso. Nyanya hakunichapa. Aliniangalia magoti yale yaliyochubuka, akasema, "Hata Bwana Yesu alisaidiwa kubeba msalaba. Wewe ni nani?"

Basi maji ya watu yakaingia kwetu, wiki baada ya wiki. Wale akina mama hawakuhubiri. Walimwogesha mama, wakaosha sufuria, wakaimba nyimbo za kanisa polepole huku wakimenya muhogo. Mimi nilikuwa nachungulia tu kama bado anapumua.

Halafu Jumatano moja mama akauliza kutoka kitandani, "Maji ya pipa leo ni ya nyumba gani?"

Nyanya akamwambia ni ya mzee mmoja wa shamba la mkonge, aliyevunjika mguu. Mama akainuka. Kisha akajifunga leso, akachukua mtungi. Nilimfuata kisimani, kwenda na kurudi. Pale mlangoni pa kanisa akamimina kikombe chake, nusu ikamwagika nje, nusu ikaingia. Akalia, mara ya kwanza tangu mazishi, na wanawake wakamwacha alie mpaka basi. Jioni alikula.

Jumapili hii niliyopanda kanisani, mhubiri aliuliza nani ana mzigo, tumwombee. Nikakaza mikono magotini. Mtu mzima, malori matatu! Yule jirani, sasa anatembea na mkongojo, akainama sikioni mwangu: "Mwanamume, bado huo mtungi unaubeba peke yako?"

Nikainua mkono. Wakaja, wakaniwekea mikono mabegani, mikono migumu ya jembe. Presha sijui kama ilishuka. Najua tu kwamba mchana huo nilisinzia kitini nyumbani kwa yule jirani, nikakoroma, na sikuona haya.

Pipa halipo, limebaki duara la kutu kwenye saruji. Siku hizi kila boma lina tangi lake, na mengi huyajaza mimi, najivunia hilo. Kisima kimeota miiba. Ni maendeleo, sikatai. Lakini Jumatano hapiti mama na mtungi mlangoni pale, na hakuna anayejua tena wiki hii ni nyumba gani haina maji.