Tangu Baba Aanze Kulipa

Mwaka mmoja kabla ya Uhuru, baba alirudi nyumbani Kansay. Alikuwa nyapara kwenye shamba la ngano la mzungu mmoja kule Karatu, na alirudi na hela, koti, na jambo moja kichwani: kwamba binadamu hafanyi kazi ila kwa hela. Alilisema asubuhi, akalirudia jioni, mpaka likatuchosha.

Kwetu kulima kulikuwa kwa zamu. Mama alipika pombe ya mtama, majirani wakaja na majembe, wakalima huku wakiimba na kutaniana. Kesho yake sisi tukaenda kwao. Baba aliona ni upuuzi mtupu. Akatangaza kwamba atalipa shilingi kila Jumamosi, watu wapange mstari mbele ya mlango.

"Baba watoto," mama alimwambia, "hawa hawafuati pombe yangu. Wanakuja kwa sababu na sisi tunaenda kwao. Ukiwalipa, siku ya shida tutamwita nani?"

"Hela ninayo, mama watoto. Shida gani tena?"

Walilima vizuri, siwezi kukataa, tena haraka. Nyimbo tu ndizo zilikoma. Mama akaufunika mtungi wake wa pombe, nasi hatukukanyaga tena shamba la mtu. Hata jirani yetu wa ng'ambo ya korongo alipofiwa na mtoto, baba hakwenda kuchimba kaburi. Alituma vibarua, akawalipa yeye, akajiona ametenda wema. Naona aibu mpaka leo.

Masika yaliyofuata mama akashikwa na homa, akafa. Majirani walikuja na majembe. Walichimba, wakamzika, wakasawazisha udongo vizuri kabisa. Halafu wakapanga mstari mbele ya mlango.

Baba hakuelewa. "Mnangoja nini, jamani?"

"Ujira wetu, bwana," akajibu yule jirani wa ng'ambo ya korongo. Zamani alimwita baba 'ndugu yangu'. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonikatisha tamaa. Mtu mwenye hasira angeweza kuombwa radhi.

Baba aliingia ndani, akatoka na hela, akawalipa mmoja mmoja. Kisha akawasihi wakae nasi matanga, japo usiku ule mmoja tu, asibaki peke yake na watoto.

"Tumeshalipwa, bwana," jirani akasema. Wakachukua majembe yao wakaenda.