Mkono wa Veturia

Nilinusa harufu kabla sijaona kitu. Nilipogeuka, Veturia alikuwa anaendelea kunyoosha mashuka ya hoteli, na pasi imelalia mkono wake wa kushoto.

"Mkono, Veturia. Mkono wako."

Akautazama kama wa mtu mwingine. Akaiweka pasi kando taratibu, akaniuliza kama shuka limeungua.

Tulikuwa tunafua na kupiga pasi nyuma ya stesheni ya treni ya Vaslui, huku kwetu Romania, mimi na yeye meza moja, miaka mingi. Wenzetu walimwita Jiwe, naye alikuwa anaitika. Alikulia katika nyumba ya serikali ya watoto, enzi zile vitanda vya chuma vilipangwa ukuta hadi ukuta na mlezi mmoja alikuwa na watoto chumba kizima. Hakuwahi kutusimulia zaidi ya hapo. Tulichojua ni kwamba alikula haraka huku mkono mmoja umezunguka sahani, na kwamba binti yake Smaranda alizoea kukohoa kabla ya kumgusa mama yake, asije akamshtua.

Nilimpeleka zahanati. Daktari, msichana mdogo tu, alifunga kidonda, akampima presha, akapima tena. Akamwambia moyo wake ni wa bibi kizee, na Veturia hakuwa hata na miaka hamsini. Akamuuliza analala vipi, tumbo likoje, na utotoni aliishi wapi. Alipojibiwa, daktari akaeleza kwamba mtoto anayeishi na hofu kila siku, bila mtu wa kumbeba, mwili wake hujifunza kukaa macho, na ukishazoea hausahau. Unachoka mapema.

"Kwa hiyo dawa?" Veturia akauliza.

Alipewa vidonge, na akaambiwa aende pia kuzungumza na mtu wa ushauri nasaha wa hospitali kuu. Vidonge akameza.

Mwaka huohuo mama yake mzazi akajitokeza. Binamu mmoja alileta salamu kutoka kijijini kwamba mama huyo, Paraschiva, ni mgonjwa na anataka kumwona. Ilarie, mume wa Veturia, ndiye aliyeshikilia aje. Veturia aliniomba niwepo, akisema hajui watu huongea nini na mama zao.

Kikaja kibibi kilichofungwa kitambaa cheusi, na kuku aliyechinjwa ndani ya mfuko. Tukala supu. Kibibi kilisifia mapazia. Chakula kikielekea mwisho Veturia akauliza, kwa sauti ileile anayoulizia sabuni:

"Tulikuwa watano. Kwa nini mimi?"

Paraschiva akaweka kijiko. "Wewe ulikuwa hulii, mwanangu. Wenzako walikuwa wanalia. Nikasema huyu atavumilia."

Ilarie akatoka nje. Veturia akachukua bakuli la mama yake, akaliongezea supu, akamwekea mbele. "Kula, mama. Inapoa."

Baada ya hapo alilala siku mbili. Aliporudi kazini aliniambia haoni hasira wala huruma, ila taya zinamuuma, kama mtu aliyetafuna kitu kigumu usingizini.

Paraschiva alifariki kabla ya Pasaka. Veturia alikwenda kumzika, akala ngano ya matanga, ile ya kuchemshwa na sukari wanayoliwa wafiwa, pamoja na ndugu zake wanne asiowajua, akarudi na basi la jioni. Aliniambia alisimama kaburini akisubiri kije kitu chochote. Ndugu zake walilia. Yeye alikuwa anafikiria viatu vyake vinavyobana.

Hapo ndipo alipokwenda kwa yule mtu wa hospitali kuu. Anakwenda mpaka leo, kila Alhamisi. Nilimuuliza wanaongea nini.

"Kidogo sana. Ananiuliza nahisi nini, namwambia sijui. Anasema sawa, tutangoja."

"Inasaidia?"

Akakunja shuka, akalipiga kwa kiganja likalala. "Sijui, shoga. Juzi nilijikata na kisu jikoni. Kikauma."